Mwalimu Thadeo Chini ya Blanketi

Nimeishi na mume wangu Thadeo miaka arobaini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunikataza kusonga ugali mpaka alipoanza kusoma historia chini ya blanketi. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi, maji yameshachemka, akatokea mlangoni ametota jasho, blanketi limemning'inia mabegani, akanitaka niache kwanza kugonga sufuria kwa sababu amefika kwenye Vita Kuu ya Kwanza na kelele zangu zinaingia. Nikamuuliza zinaingia wapi. Akasema kwenye rekodi.

Kuku walikuwa wameshapelekwa kwa jirani tangu asubuhi. Mbwa alikuwa amefungwa kule zizini, redio imezimwa, na mimi mwenye nyumba ndiye pekee niliyekuwa nimebaki napumua kwa sauti. Niliepua maji nikaenda kukaa nje kwenye kigoda. Sikufurahi, na sitajifanya kwamba nilifurahi.

Thadeo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alifundisha miaka thelathini na sita, karibu nusu yake akiwa Mugeta, wilaya ya Bunda, na iliyobaki hapa kwetu Butiama. Ni mrefu, mwembamba, mpole sana kwa watoto na mkaidi kwa watu wazima. Ana adabu mpaka inachosha. Hawezi kununua chumvi bila kwanza kumuuliza muuzaji habari za watoto, za mvua, za mama yake aliyelazwa mwaka juzi. Nimeshamwacha dukani nikaenda sokoni, nikarudi na kikapu kimejaa, nikamkuta bado yuko kwenye salamu na nyuma yake kuna foleni ya watu wamenuna.

Huyo aliyekuwa anasomewa historia ni Rhobi, mjukuu wetu, mtoto wa kwanza wa binti yetu Wankyo aliyeolewa huko huko Mugeta. Rhobi alipoteza macho akiwa na miaka saba, baada ya surua. Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, kwa hiyo mimi na Rhobi ni wake wenza tangu wiki aliyozaliwa, na nisiseme uongo, yeye ndiye mke anayependwa. Alipomaliza darasa la saba alipata nafasi kwenye shule ya bweni upande wa Songea, ambako wasioona na wanaoona husoma pamoja. Ni safari ya siku mbili kwa basi.

Wanafunzi kule hawaruhusiwi simu. Mwalimu Felisian, kijana anayewasimamia wasioona, ndiye aliyekuwa akiwaazima yake, kila mtoto mara moja kwa mwezi. Zamu ya Rhobi ya Agosti ilikuwa ya majonzi. Alikuwa kidato cha nne na mtihani wa majaribio ulikuwa umemtupa chini, historia na jiografia zote mbili. Vitabu vya nukta nundu vilikuwa vichache, vya zamani, vya kusubiriana, na rafiki yake aliyezoea kumsomea jioni alikuwa amehamishwa shule.

"Bibi, mimi si mjinga," aliniambia. "Kitabu ndiyo kinanikimbia."

Maneno hayo yaliniuma. Baba yake alikuwa ameshatamka mbele ya watu kwamba asipofaulu kwenda kidato cha tano basi atarudi Mugeta akae nyumbani, imetosha. Mtoto mwenyewe anataka kuwa mwalimu, na tangu azaliwe hajawahi kutaka kitu kingine. Mtihani wa mwisho ulikuwa Novemba.

Kesho yake Thadeo alipanda pikipiki mpaka Bunda kwa kijana aliyewahi kumfundisha, ambaye siku hizi ni mwalimu wa sekondari, akarudi na vitabu viwili vinene. Akafunga dirisha la chumbani, akajifunika blanketi kwa sababu bati letu lina mwangwi, akawasha simu, akaanza. Vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza. Alikuwa akisoma aya moja, kisha anaieleza kwa Kiswahili taratibu, kama alivyokuwa akifanya ubaoni. Alipomaliza sura ya kwanza akajaribu kuituma kwa wasapu na wasapu ikagoma. Akajaribu mara nne. Akasema simu imechoka, ipumzike.

Haikuwa uchovu. Tulikwenda Musoma, mtaa wa Nyasho, kwa msichana mmoja aitwaye Stellah mwenye duka la stationery. Baba yake ni mvuvi wa Majita. Ana kucha ndefu na anachapa bila kutazama. Mimi nilifuatana na mume wangu kwa sababu mtu anayeuliza habari za watoto wa kila mtu ni rahisi kuibiwa. Stellah alichomeka simu kwenye kompyuta, akatazama, akageuka akamuuliza mzee ndani ya hili faili kuna nini, mbona ni gigabaiti moja na nusu. Thadeo akajibu kwamba kuna ukoloni.

Ikabidi tusikilize. Sauti ya mume wangu ikajaza duka: "Mke wangu Rhobi, hujambo." Halafu kimya. Stellah akaongeza sauti, akagonga kompyuta akidhani imeganda. Kimya kikaendelea, mpaka kikakatwa na neno moja: "Marahaba." Nikaelewa, nikatamani kucheka na kujificha kwa wakati mmoja. Alikuwa ameacha nafasi ya mtoto kumwamkia. Kisha akamuuliza ameamkaje, akanyamaza. Akamuuliza wenzake wanaendeleaje, akanyamaza. Akampa habari za mvua, za msiba wa jirani, za ng'ombe wetu mwekundu aliyekuwa na kidonda cha kwato, akasali sala fupi ambayo haikuwa fupi. Ukoloni ulianza dakika ya kumi na moja.

Stellah alieleza kwa upole kwamba kwenye faili la namna ile hata ukimya una uzito, unabebwa sawa na maneno. Akashauri salamu zipunguzwe.

"Sasa nimuulize mtoto ameamkaje halafu nisingoje ajibu?" Thadeo akasema. "Huwaga mnafanya hivyo nyie?"

Stellah akatafuta kosa lingine akalipata: simu ilikuwa imewekwa kwenye ubora wa juu kabisa, ule wa kurekodia kwaya nzima na vyombo vyake. Thadeo mwenyewe ndiye aliyeiweka hapo, kwa kuwa cha mtoto hakipunguzwi. Stellah akaligeuza lile faili kuwa la aina nyingine, dogo, na gigabaiti moja na nusu ikashuka ikawa chini ya megabaiti sitini. Mume wangu akataka kujua nyingine zote zimekwenda wapi. Akavaa spika za masikioni, akajisikiliza robo saa nzima wateja wakisubiri, ndipo akavua akasema sawa, ni yeye.

Faili liliwekwa kwenye foda kwenye mtandao, halafu mwalimu Felisian angetumiwa linki, aifungue, ashushe sauti kwenye kompyuta ya shule na kuzihamishia kwenye kiredio cha memori kadi. Stellah akauliza jambo moja tu: foda iachwe wazi kwa yeyote mwenye linki, au ifungwe? Thadeo akasema ifungwe. Mle ndani kuna mambo ya nyumbani kwake, kuna msiba wa watu, si mambo ya kila mpita njia. Anayetaka apige hodi, atafunguliwa. Stellah akamfungulia barua pepe ya kupokelea hizo hodi, akamwandikia neno la siri kwenye kikaratasi, na mume wangu akakikunja akakiweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Nadhani hakusikia kwamba barua pepe ni kitu cha kufunguliwa kila siku.

Kwa wiki tatu alisoma kila siku Mungu aliyoileta na kila Alhamisi akaenda Musoma kupandisha mafaili. Kutoka Songea hakuna aliyesema lolote. Zamu ya Rhobi ya simu ilikuwa bado. Wiki ya kwanza Thadeo alisema mwalimu ana kazi nyingi. Wiki ya pili hakusema kitu. Wiki ya tatu alitoka chumbani asubuhi akiwa amelikunja blanketi vizuri, akalirudisha kitandani, akachukua fimbo akaenda kwenye ng'ombe. Nilimfuata nikamuuliza kama hatasoma leo.

"Mtu akipewa kitu anasemaga amepokea," akaniambia. "Asiposema, mimi sifuatilii kama mdai."

Nikamwambia apige simu aulize. Akanikata jicho. Basi kuku wakarudi, nikasonga ugali kwa kelele zote nilizotaka, na sikufurahia hata kidogo. Nilihesabu kwenye kalenda ya parokia iliyo ukutani, nikaona wiki zimebaki saba. Siku ya pili nilishindwa. Alipokwenda kunywesha ng'ombe nilichukua simu yake mezani nikampigia mwalimu Felisian mimi mwenyewe.

Alipokea kwa shikamoo ndefu iliyonyooka, nikajua mara moja kwamba huyu naye ni wa kabila la mume wangu, si la damu, la tabia. Nikamuuliza kama sauti zilifika.

"Mama, linki nilipata siku ile ile," akasema. "Nikibonyeza inaniambia niombe ruhusa kwa mwenyewe. Nimeomba mara kumi na moja. Nikajua Mzee bado anatafakari, sikutaka kumsumbua."

Niliketi chini. Hasira zilinipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka. Wanaume wawili wenye adabu walikuwa wamekaa wiki tatu, kila mmoja upande wake wa mlango, mmoja anapiga hodi polepole asije akakera, mwingine anasubiri ashukuriwe, na mtoto katikati hana kitabu. Nilimshukuru kijana wa watu bila kumtukana, nikaenda mpaka mtoni nikiwa na kanga moja, nikamweleza Thadeo mbele ya ng'ombe wake.

Akaniuliza shati lake la bluu liko wapi. Mchana huo tulikuwa kwa Stellah. Kikaratasi kilitoka kwenye kitabu cha nyimbo, barua pepe ikafunguliwa, na maombi yakajipanga pale, kumi na moja, kila moja na tarehe yake. Kwenye la mwisho Felisian alikuwa ameongeza maneno yake mwenyewe: "Shikamoo Mzee. Naomba tena, ukipata nafasi." Thadeo aliyasoma akiwa ameinama, akayasoma tena, macho yakamlowa. Akatoka nje akasimama kwenye kibaraza akiwapa mgongo watu wa barabarani. Stellah akanitazama, nikamwambia afungue foda, iwe wazi kwa kila mwenye linki, nitajibu mimi. Thadeo aliporudi aliambiwa, akaitikia tu.

Jumapili iliyofuata Felisian alipiga simu akiwa ameiweka sauti ya nje, na sisi tukaiweka ya nje. Akasema wasioona wote wanane wa kidato cha nne wanasikiliza pamoja baada ya chakula cha jioni, kiredio kiko katikati ya meza. Mzee akiuliza wameamkaje wanajibu wote kwa pamoja, na nafasi anayowaachia inawatosha kabisa. Kuna mmoja wa kutoka Masasi aliyetaka kujua kidonda cha yule ng'ombe mwekundu kimeponaje. Halafu Rhobi mwenyewe akachukua simu akamwambia babu yake kwamba sasa Mkutano wa Berlin anaujua mpaka viti walivyokalia. Thadeo alikohoa, akasema vizuri, mke wangu, vizuri. Baada ya hapo sikumwona tena mume wangu mchana. Alikuwa anaishi ndani ya blanketi.

Alisoma kama mtu aliyekimbizwa, asubuhi sura moja, alasiri sura nyingine, kufidia wiki ambazo mtoto alizikosa kwa kununa kwake. Alijua kosa ni lake. Hakuwahi kunitamkia, ila niliona namna alivyokuwa akiruka hata uji. Historia ikaisha katikati ya Oktoba, akaingia jiografia, na kwenye jiografia sauti ikaanza kukwaruza. Nikampa tangawizi na asali. Ikazidi. Nikampeleka hospitali Musoma, daktari akamulika koo lake, akasema anyamaze kabisa wiki mbili, hata kunong'ona asinong'one, kwa sababu akiendelea kuilazimisha inaweza isirudi. Thadeo akachukua kalamu ya daktari akaandika kwenye karatasi tarehe ya mtihani wa jiografia, kama vile daktari angeweza kuisogeza.

Nilidhani ametii. Siku ya nne nilikwenda ghalani kuchukua mihogo, nikamkuta humo, amejifunika blanketi juu ya magunia, simu mbele ya mdomo, anasoma. Kilichokuwa kinatoka ni pumzi tupu. Nilimvua lile blanketi, nikampokonya simu, nikabonyeza tusikilize. Tukasikia upepo, na kuku wa jirani.

"Utabaki bubu, Thadeo," nikamwambia, na nilikuwa nalia.

Akachukua kalamu akaandika kwenye kiganja chake: Imebaki mito na volkano.

Sasa hapa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mimi nilimaliza darasa la saba, kusoma najua, ila nasoma polepole, na mbele ya Thadeo nilikuwa sijasoma kwa sauti hata mara moja. Sababu ni kwamba tulipokuwa wachumba nilimwandikia barua, ya kwanza na ya mwisho, na akanirudishia imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Alidhani ananisaidia. Kuanzia siku hiyo hata kadi ya harusi ikija nilikuwa nampa yeye asome. Miaka arobaini na moja nimejificha nyuma ya sufuria ili nisisahihishwe.

Nikampigia Felisian nikamweleza hali ilivyo. Akasema Kiingereza cha vitabu yeye mwenyewe anaweza kuwasomea jioni, tatizo ni maelezo. Maelezo ya Mzee ndiyo wanayoyashika. Basi tukakubaliana. Thadeo akae mezani aandike maelezo kwenye daftari kwa Kiswahili, na mimi nisome. Nilijifunika lile blanketi na tochi mkononi, yeye ameketi pembeni ya kitanda amelishika ncha moja ili nipate hewa. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama msichana wa kipaimara. Nikaanza kwa kusema mimi ni bibi, babu amechoka kidogo leo, kisha nikasoma mstari wa kwanza nikajikwaa mara tatu. Nikangoja masahihisho. Hayakuja, hakuwa nayo sauti ya kusahihishia.

Daftari lilisema mto ukifika tambarare hupoteza kasi ukaanza kupindapinda. Nikajiuliza Rhobi atajuaje kupindapinda kwa mto na hajauona tangu akiwa na miaka saba. Nikaacha daftari nikamwambia, mke mwenzangu, unakumbuka tulivyokuwa tukiosha utumbo wa mbuzi Krismasi, ukautandaza kwenye sinia ukawa unaupapasa kwa vidole? Mto mzee unakaa hivyo hivyo. Nikasikia blanketi limevutwa. Thadeo alikuwa ameinua mkono kunizuia, kisha akaushusha. Akaomba daftari, akaandika pembeni: Endelea hivyo.

Niliendelea hivyo. Bonde la ufa nikalieleza, volkano nikaieleza kwa uji mzito unaorukia mkono ukichelewa kuukoroga. Kusoma kwangu kulikuwa kwa konokono, na kila jioni nilikuwa na koo kavu, ila nilikuwa na raha ambayo siwezi kuipatia jina. Kumbe mtu anaweza kuwa na umri wa miaka sitini na mbili ndipo akasikilizwa akisoma.

Tulimaliza siku tano kabla ya mtihani wa jiografia. Alhamisi hiyo tukafika kwa Stellah tukakuta mtandao wa mjini umekatika tangu alfajiri. Ule mstari unaoonyesha faili linavyopanda ulifika asilimia tisa ukafa. Stellah akajaribu kwa simu yake, ukafika kumi na nne. Akaweka mafaili yote kwenye flashi akanikabidhi, akatwambia twende Bunda, kule uko vizuri, amepiga simu tayari kwa mwenzake anaitwa Fred, tumkute karibu na stendi. Tulifika Bunda saa tisa. Fred hakutaka maelezo, akachomeka flashi. Thadeo alisimama nyuma yake, na kila asilimia iliyopanda alikuwa akitikisa kichwa kama anavyofanya ng'ombe wakiingia zizini mmoja mmoja. Ilipotimia mia, Felisian akatuma ujumbe kabla hatujaketi: "Nimepokea zote, Mzee. Nimepokea zote, Mama." Safari hii kijana alikuwa amejifunza.

Mtihani ukapita. Rhobi hakuja nyumbani. Shangazi yake Ghati, anayekaa Dodoma, alikuwa amemtafutia mafunzo ya kompyuta ya wasioona, akashukia huko kungojea matokeo. Huku kwetu wiki mbili za kunyamaza zilikwisha, zikaisha nyingine mbili, na sauti ya Thadeo haikurudi. Tukatumwa Mwanza. Daktari wa kule alitazama kwa kifaa chake akasema nyuzi za sauti zimeumia zikapata kovu, kilichobaki ndicho kilichobaki. Kilichobaki ni mnong'ono mkavu ambao nikiwa jikoni siusikii.

Niliogopa atavunjika. Hakuvunjika. Alirudi kwenye ng'ombe wake, akawa anawaita kwa kupiga makofi, wakazoea ndani ya wiki. Dukani akaanza kusalimia kwa kushika mkono wa mtu kwa muda mrefu, na foleni ikawa pale pale. Kitu kimoja tu alikiandika kwa herufi kubwa akanipa: Rhobi asiambiwe mpaka matokeo yatoke. Kwa hiyo Desemba nzima na Januari nzima nilidanganya. Akipiga simu, babu yuko kwenye josho, babu kaenda msibani, babu amelala. Sijawahi kusema uongo mwingi namna hiyo, na padri alinisikiliza mpaka akapiga miayo.

Matokeo yalitoka mwisho wa Januari. Tulikuwa kwa Stellah tangu asubuhi, tumekaa kwenye benchi la wateja. Alikuwa na namba ya mtihani ya Rhobi ameibandika kwenye kompyuta tangu wiki iliyopita. Alishuka kwenye ile orodha kwa ukucha wake mrefu, akasimama, akasoma mara mbili kimoyomoyo, ndipo akatusomea. Historia C. Jiografia B. Daraja la pili. Kidato cha tano anakwenda.

Nilimshika Thadeo mkono. Akanitazama, akajinyooshea kidole kimoja kwa C yake ya historia, kisha akaninyooshea mimi vidole viwili kwa B yangu ya jiografia, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya uongo. Tulicheka mpaka mtu aliyekuja kutoa kopi akasubiri nje.

Simu ikaita kabla hatujamaliza. Rhobi alikuwa anaongea na kulia pamoja, ameshasomewa na shangazi yake, baba yake ameshampigia kutoka Mugeta na ameshakubali. Nikampongeza, nikamwambia asante Mungu. Akasema anamtaka babu. Nikaanza kusema babu yuko kwenye josho.

"Hapana, Bibi," akasema. "Leo sikubali. Mniitie mume wangu, nitangoja hapa hapa."

Nilimtazama Thadeo. Alifikiri, kisha akanyoosha mkono, nikampa simu. Akaisogeza karibu kabisa na mdomo, akafumba macho, akajikusanya kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akasema, "Mke wangu."

"Nani huyo?" Rhobi akauliza. "Bibi, umempa nani simu?"

Akajaribu tena. Safari hii ilitoka pumzi peke yake. Stellah akageukia ukutani. Mtoto huyu siku hizi anamjua mtu kwa sauti tu, nyuso aliziona mwisho akiwa na miaka saba, na mwanamume anayempenda kuliko wote alikuwa ameketi pale, simu mdomoni, hajulikani. Thadeo akanirudishia simu.

"Ni babu yako, Rhobi," nikamwambia. "Aliimalizia kwenye vitabu. Sauti yake yote iko huko kwako."

Nilimsikia akivuta pumzi, nikamsikia shangazi yake nyuma akiuliza kuna nini. Kisha akasema kwa utulivu, kama mtu mzima, niweke sauti ya nje, nimshikie babu simu, leo ataongea yeye. Nikafanya hivyo. Akamwambia atakuwa mwalimu. Akamwambia somo atakalofundisha ni historia, si jiografia, Bibi amsamehe. Akamuuliza kama amesikia.

Thadeo akaitikia kwa kichwa, machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu.

"Ameitikia, Rhobi," nikasema. "Uliza lingine. Ameitikia."